Kwa nini samaki wa chambo hufia kwenye maji yanayoonekana safi

“Shikamoo mama. Nimefika Matema, samaki kwenye mfuko walikuwa wazima kabisa. Nimewafungua, nikawamiminia maji ya ziwa, maji mazuri unaona mpaka kokoto za chini. Hata nusu saa haijaisha, wote wamegeuza matumbo juu.”

Kijana aliyenipigia simu hununua kwangu perege wadogo wa kutunga kwenye ndoano za kambare. Hakufanya uzembe. Alitoka Tukuyu alfajiri, mfuko ukiwa umejazwa oksijeni na kufungwa vizuri, na alipofika hakuwaacha juani. Samaki wake waliuawa na yale maji mazuri, au niseme kwa usahihi zaidi, waliuawa pale maji mazuri yalipokutana na maji machafu waliyosafiri nayo. Nitaeleza inavyokuwa, ila itabidi tuanzie mbali kidogo, kwa sababu ndani ya tangi la chambo hakuna tatizo linalosimama peke yake. Ukigusa moja, jingine linaamka.

Huku Rungwe kazi hii imetokana na wingi. Perege huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne, na bwawa lisilosimamiwa hujaa samaki wa ukubwa wa kidole ambao mezani hawamshibishi mtu. Kwa mvuvi wa kule Kyela anayetega kamba ndefu yenye ndoano nyingi, huyo huyo wa kidole ni mali, maana kambare humfuata samaki anayetikisika. Kwa hiyo tunawatoa bwawani, tunawaweka kwenye simtanki au pipa la lita 200, tunawauza wakiwa hai. (Wenzetu wa upande wa Malawi wakisikia neno chambo wanafikiria kitoweo, samaki wa jamii hii hii ya perege. Mimi hapa nazungumzia chambo cha ndoanoni.) Bwawani walikuwa na udongo, majani na nafasi. Kwenye pipa wana maji tu, na kila wanachotoa mwilini wanabaki nacho humo humo.

Walikufa saa ngapi, na nani alitangulia?

Haya ndiyo maswali yangu ya kwanza kabla sijachukua kipimo chochote, na mara nyingi jibu lake linanipunguzia kazi nusu.

Wakifa kuelekea alfajiri, baada ya kujipanga juu wakipiga midomo hewani, na wakubwa wakatangulia kufa kabla ya wadogo, fikiria oksijeni kwanza. Mwili mkubwa hudai hewa nyingi. Sumu, kwa kawaida, huanza na wadogo. Wakifa ndani ya dakika au saa chache tangu uwawekee maji mapya, hao ni maji mapya yamewaua: klorini, tofauti ya joto, au tofauti ya pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji: namba ikishuka, uchachu umeongezeka. Wakifa wawili leo na watatu kesho, wamekataa chakula, wamejikunyata pembeni na mapezi yamebana mwilini, hapo kuna amonia au naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki wenyewe. Na wakifa kwa mkupuo, wakizunguka na kujigonga kama wamelewa, ukatazama vizuri ukakuta hata wadudu wa majini wamekufa, kuna kitu kimeingia kutoka nje.

Kambare ni shahidi mzuri sana. Juu ya matamvua yake ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu moja kwa moja, kwa hiyo ukikuta perege wote wamekufa na kambare wa tangi hilo hilo bado anaogelea, sababu karibu kila mara ni oksijeni. Awe ameshakua kidogo, kwa kuwa kifaranga wa wiki moja bado hana kiungo hicho, na asiwe mkubwa wa kuwameza wenzake. Mimi huweka mmoja tu kwenye kila pipa.

Baridi inatoa, mlima unachukua

Watu wa huku wana imani kwamba maji yetu ni ya baridi, basi yana hewa ya kutosha, pampu ya nini. Imani hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli maji ya baridi hushika oksijeni nyingi kuliko ya moto. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hushika miligramu 9 hivi kwa lita. Lakini kinachoisukuma oksijeni iingie majini ni mgandamizo wa hewa, na Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, mgandamizo huo ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Pwani. Maji yale yale ya nyuzi 20 yakiwa Mbeya hushika miligramu 7.4 hivi. Sasa shuka Kyela, mita 500 hivi, maji ya nyuzi 28: nayo hushika miligramu 7.4 hivi. Faida yote ya baridi imeliwa na mlima.

Na hiyo ndiyo mbaya yake: simtanki jeusi likiachwa juani Mbeya mpaka maji yafike nyuzi 28, kikomo kinashuka hadi miligramu 6.4 hivi, na pampu haiwezi kukivuka kikomo hicho hata ikivuma mchana kutwa. Perege huanza kuhangaika oksijeni ikikaribia miligramu 3, na mimi sipendi ishuke chini ya 5. Ukijua hivyo unaona nafasi iliyobaki ni ndogo kiasi gani. Kwa hiyo kivuli kwanza, kisha kupunguza idadi ya samaki, kisha mapovu madogo madogo yanayotibua uso wa maji wote. Mapovu makubwa yanayopasuka kona moja yana kelele nyingi na kazi kidogo. Umeme ukikatika na huna pampu ya betri, chota maji kwa jagi, yainue juu, yamimine yarudi, na usichoke.

Wanaopandisha samaki kutoka Kyela wana jambo la ziada. Barabara ya Tukuyu kwenda Uyole hupita Isyonje, zaidi ya mita 2,000 juu. Hewa iliyofungwa Kyela ikifika pale inatanuka kwa moja ya tano hivi. Mfuko uliojazwa ukakaza kama mpira utapasukia njiani.

Amonia ina sura mbili

Sasa turudi Matema. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, mchana na usiku, hata akiwa amelala. Majini amonia hiyo hukaa kwa sura mbili. Ya kwanza imejishika na chembe ya haidrojeni, inaitwa amoniamu, na haimdhuru samaki kwa urahisi. Ya pili iko huru, inapenya matamvua na kuyaunguza, na kuanzia miligramu 0.05 tu kwa lita samaki huanza kuumia. Vipimo vingi vya matone vinavyouzwa hujumlisha zote mbili, ndiyo maana mtu anaweza kusoma namba moja kwa matangi mawili, moja samaki wanakula vizuri na jingine wanakufa.

Kinachoamua sura ipi itawale ni pH. Kwenye maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, sura ya sumu ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8, inafika asilimia 5 hivi. pH ikiwa 9, ni zaidi ya theluthi. Hakuna uchafu ulioongezeka hapo, ni ule ule uliogeuka.

Ndani ya mfuko uliofungwa samaki wanapumua, wanatoa kaboni dayoksaidi, nayo ikiyeyuka majini inayafanya yawe na uchachu. pH inashuka hadi 6 na nusu au chini zaidi. Amonia inaongezeka saa hadi saa, lakini uchachu ule ule unaifunga katika sura isiyo na madhara. Samaki wanasafiri na sumu iliyolala. Kijana anafungua mfuko: kaboni dayoksaidi inatoroka kama kwenye chupa ya soda, pH inaanza kupanda. Kisha anamimina maji ya Ziwa Nyasa, ambayo pH yake kwa kawaida huwa juu ya 8 maeneo ya uso wa maji. Amonia yote ya safari inaamka kwa pamoja, mara kadhaa ya kiasi walichokuwa wakivumilia mfukoni. Nusu saa ni nyingi.

Nilimwelekeza hivi, na ndivyo ninavyofanya mwenyewe. Siku moja kabla ya safari, samaki wasile. Tumbo tupu linatoa amonia kidogo. Ukifika, uache mfuko uelee ziwani ukiwa umefungwa, dakika 15 hadi 20, mpaka joto lilingane. Ukishaufungua usikawie na usitie pampu kwenye maji ya zamani. Watoe samaki kwa wavu uwaweke kwenye chombo cha maji mapya matupu, na maji ya mfuko uyamwage nchi kavu, mbali na ziwa. Safari iliyofuata alinipigia tena jioni, akasema tu “Mama, ndaga fijo,” yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nikajua wamefika.

Nchi kavu nimeitaja kwa makusudi. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki ambao hawapatikani popote pengine duniani, na sato wa Naili anayefugwa kwenye mabwawa yetu mengi si mwenyeji wa ziwa hilo. Chambo kilichobaki kisiachiwe majini kwa huruma. Na kabla ya kushusha samaki wa bwawani kwenda kuvulia ziwani, muulize afisa uvuvi wa wilaya aina unayoruhusiwa. Usafirishaji wa samaki hai una masharti yake chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Kilichotokea mfukoni hutokea pia kwenye tangi, polepole. Tangi likikaa wiki nyingi, bakteria wanaosafisha amonia huacha uchachu, pH inateleza chini bila mtu kuona. Siku moja mwenyewe anapima, anakuta amonia iko juu, anaogopa. Anamwaga maji yote, anajaza ya kisima yenye pH 8, au anatupia magadi “yapunguze ukali”. Magadi yanapandisha pH ndani ya dakika chache tu, na amonia iliyobaki inageuka. Kwa hiyo pima pH ya maji ya zamani na ya mapya kabla hujagusa ndoo. Zikilingana, badilisha hata nusu kwa mara moja. Zikipishana kwa namba nzima, ambayo kwa hesabu ya pH ni tofauti ya mara 10, badilisha moja ya tano, subiri saa kadhaa, rudia. Chakula kikate kabisa siku hizo.

Bakteria wenyewe ni mifugo wa pili wa tangi. Kundi la kwanza hula amonia na kutoa naitraiti, kundi la pili hula naitraiti na kutoa naitreti, ambayo samaki huivumilia. Huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye maji ya uvuguvugu, na kwa baridi ya Juni na Julai ya Uyole au Njombe ni zaidi ya hapo. Wanaishi kwenye sponji la kichujio na kuta za tangi. Nilizoea kuosha sponji kwenye bomba kila Jumamosi, likatoka jeupe kama jipya, na kila Jumanne nilikuwa natoa samaki waliokufa. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba klorini ya bomba ilikuwa inaua mifugo hao. Sponji lisuuze kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, basi.

Naitraiti inatambulika ukijua pa kuangalia. Pampu inavuma, mapovu yamejaa, na bado samaki wanavuta hewa juu. Mchukue aliyekufa punde, fungua matamvua: badala ya wekundu utaona rangi ya chokoleti, kwa sababu damu imepoteza uwezo wa kubeba oksijeni. Hapa chumvi ya kawaida ya jikoni inaokoa, maana kloridi yake huzuia naitraiti kuingia matamvuani. Gramu 1 kwa lita, yaani gramu 200 kwa pipa la lita 200, iyeyushwe kwanza pembeni.

Maji umeyatoa wapi

Maji ya bomba yanatiwa klorini ili tusiugue, na Shirika la Afya Duniani linataka yabaki angalau na miligramu 0.2 kwa lita yanapomfikia mtumiaji. Kiasi hicho ni salama kwa mtoto wako, ila matamvua ya kifaranga cha samaki yanaungua. Yaache saa 24 kwenye chombo cha mdomo mpana, na mapovu yakichemka ndani. Siku maji yanaponuka klorini kwa nguvu baada ya matengenezo ya mabomba, ongeza siku.

Chemchemi na kisima zina sifa ya usafi, na kwa kunywa mara nyingi zinastahili sifa hiyo. Lakini maji yaliyokaa chini ya ardhi huwa na oksijeni kidogo na kaboni dayoksaidi nyingi, na ardhi yetu ya Rungwe ni ya volkano: kaboni dayoksaidi hutoka ardhini kwa wingi kiasi kwamba huvunwa kwa ajili ya viwanda. Yadondoshe maji hayo kutoka juu, yapige hewa siku nzima kabla samaki hawajaingia. Yakiacha kutu ya rangi ya chungwa kwenye ndoo yana chuma, nayo hung’ang’ania matamvua, hivyo yaache yatuame uchote ya juu.

Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni laini mno, hayana madini ya kuzuia pH isianguke, na bati jipya humwaga zinki ambayo ukali wake huongezeka kwenye maji laini. Mimi huning’iniza mfuko wa mawe ya chokaa yaliyopondwa. Uchachu ukizidi yanayeyuka kidogo, ukipungua yanatulia. Yawe mawe mabichi, si chokaa iliyochomwa ya kupaka ukuta, hiyo inaua. Tangi jipya la saruji lina kosa la upande wa pili: pH hupita 10. Lijaze na kulimwaga mara kadhaa kwa wiki mbili tatu; huku kwetu tunatupia na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa vichachuke humo, na vinasaidia.

Mvua zilizokuwa zinaua

Masika moja nilipoteza samaki kila baada ya mvua kubwa. Tangi lilikuwa uwanjani, nimelifunika kwa sababu mdiria, yule ndege mla samaki, alikuwa ameligeuza ghala lake. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi nakuta thelathini, arobaini wamekufa. Nilijiambia ni yale yale ya maji laini, pH imeanguka. Nikaongeza mawe ya chokaa. Mvua iliyofuata, vifo vile vile, na pH ilisoma 7.2. Amonia haikuwepo ya maana. Pampu haikuzima. Na kambare wangu, shahidi, naye alikufa, akiwa amepinda mgongo. Hapo nikaacha kuwaza hewa.

Nilifikiria dawa za shamba. Majirani wanapiga dawa viazi, na milima ya Mbeya na Mufindi inalima pareto, ua ambalo sumu yake haimtishi sana mtu lakini kwa samaki ni kifo kwa kiasi kidogo mno. Ndugu zake wa kiwandani wamo kwenye dawa za kupuliza mbu na mende. Niliwahi kumshauri mama mmoja wa Iringa ahamishe pampu yake kutoka sebuleni: kila alipopuliza dawa ya mbu, pampu iliivuta ile hewa na kuitia tangini. Lakini pampu yangu ilikuwa jikoni, na sikuwa nimepuliza chochote.

Nikapanga ndoo tatu, kila moja perege watano na mapovu. Ya kwanza maji ya tangi. Ya pili maji ya bomba yaliyokaa siku mbili. Ya tatu maji ya mvua niliyoyakinga kwa diaba katikati ya uwanja, moja kwa moja kutoka mawinguni, nikayatilia mawe ya chokaa usiku ule. Asubuhi ndoo ya pili walikuwa wazima. Ya tatu, ya mvua tupu, wazima pia. Ya kwanza wote watano walikuwa chini, wamepinda.

Basi mvua ilitoka mbinguni ikiwa salama na kufika tangini ikiwa na sumu, na kati ya hapo na hapo kulikuwa na kitu kimoja tu: kile kifuniko, chandarua kipya chenye dawa nilichokitoa kwenye pakiti nikakitandika ili mdiria asiingie. Kila mvua ilikuwa inakisuuza ndani ya maji ya samaki.

Nilikikunja. Maji ya tangi niliyamwaga kwenye shimo, mbali na mfereji, nikasugua kuta na kutupa sponji. Kifuniko kipya nilikishona kwa mifuko mitupu ya vitunguu. Mvua kubwa ilirudi Jumapili, ikanyesha mpaka kukapambazuka, nikatoka na tochi nikahesabu: perege 140, wote wako chini karibu na mapovu, wanasubiri chakula.